Kuzuru Watu na Kutazama Watu

Mithali ya wazee wetu yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kwa mzaha, kumkumbusha mvivu aliyekaa mno kwa jamaa zake. Lakini ndani yake mna fikira iliyo kubwa kuliko mzaha. Mgeni ni mtu ambaye mwenyeji aweza kumpa jembe. Ajapo nyumbani kwako hujiweka mkononi mwako: atakula ulicho nacho, atalala utakapomwonyesha, na akikaa atalima pamoja nawe. Je, mtu ajaye kwa namna ambayo hapana awezaye kumpa jembe, wala maji, wala hata salamu, naye tumwite mgeni? Swali hili twataka kulifikiri mwezi huu, na tutalifikiri kwa habari za watu wakaao mbali na sisi, yaani Wasuri wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Wasuri, ambao wengine huwaita Wasurma, wakaa kusini-magharibi mwa nchi hiyo, upande wa machweo wa mto Omo, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Miongoni mwao wamo Watirma na Wachai. Na ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, wako ndugu zao Wamursi, ambao lugha yao haitofautiani sana na ya Wachai. Lugha hizo zina udugu pia na lugha za Wamurle na Wadidinga wa Sudan Kusini. Si watu wengi. Ni makumi machache ya maelfu tu. Kazi yao ni kufuga ng'ombe na kulima mtama na mahindi. Ng'ombe kwao si nyama, maana hawamchinji ovyo. Ni mahari, ni fidia, ni sadaka, ni heshima ya mtu mbele ya wenzake. Humtoboa mshipa wa shingo kwa mshale mdogo, wakakinga damu kidogo, wakaziba jeraha, na ng'ombe akaenda zake malishoni. Kijana huwa na ng'ombe mmoja ampendaye kuliko wote, akamwimbia na kuisifu rangi yake. Msomaji aliyekulia kwa Wamasai hatahitaji kuelezwa zaidi.

Hawana mfalme. Yuko mtu aitwaye komoru, ambaye kazi yake ni kuwaombea watu mvua na amani kuliko kuwaamuru. Na mashauri makubwa husemwa barazani, kila mtu mzima akitoa neno lake. Vijana wana mchezo mkali wa kupigana kwa fimbo ndefu, uitwao sagine. Atazamaye kwa mbali aweza kudhani ni ghasia tupu, kumbe mna sheria na waamuzi, na kumwua mwenzako ni marufuku. Wanawake nao wanajulikana duniani kote kwa kisahani cha mdomo. Msichana akikaribia umri wa kuolewa hutobolewa mdomo wa chini, na tundu lile hupanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti, mpaka liweze kushika kisahani cha udongo au cha mti. Basi hicho kisahani ndicho kiletacho wageni.

Wageni wa kwanza hawakuja kwa ajili yake. Walikuwa askari wa Mfalme Menelik, waliofika pande za Maji katika miaka ya mwisho ya 1890, na nyuma yao wakaja watoza kodi na washika watumwa. Baadaye, katika miaka ya 1980, vita vya Sudan vilileta bunduki nyingi za kisasa; Wanyangatom walizipata kwanza, na Wasuri wakapoteza malisho yao ya kusini kabla ya wao wenyewe kupata silaha zao. Twayataja haya kwa sababu wako watu waandikao kana kwamba Wasuri walilala usingizi tangu Adamu, mpaka siku ile motokaa ya mtalii ilipowaamsha. Sivyo. Walikwisha kujua wageni wa namna nyingi, tena kwa gharama kubwa.

Siku hizi mtu atakaye kuwaona hutoka Addis Ababa, akapita Jimma na Mizan Teferi, akasafiri siku mbili au zaidi kwa motokaa, hata afike Kibish. Huko hulipa ada, hupewa mtu wa kumwongoza na askari wa kumlinda. Motokaa husimama kijijini, mlango hufunguliwa, kamera hutolewa. Wanawake hukusanyika na visahani vyao, vijana na watoto hujipaka chokaa na udongo, wengine hujivika majani na maua kichwani, na bei hupatanwa: birr kadha kwa picha moja, au kwa kila mtu aliyemo katika picha. Kisha huwa na ugomvi, maana huyu asema amepigwa picha tatu, na yule asema ni moja tu. Baada ya saa moja au mbili mlango wa motokaa hufungwa. Hapo hapana aliyemwuliza mwenziwe jina la baba yake, wala kama watoto hawajambo, wala kama mvua imenyesha.

Watu wawili wenye elimu, waliokaa na wenyeji hao muda mrefu, wameandika habari za makutano haya. Jon Abbink wa Uholanzi, aliyekaa na Wasuri, aliandika mwaka 2000 ya kuwa makutano yao na watalii yamejaa chuki na kutoelewana. David Turton, Mwingereza aliyeanza kujifunza mambo ya Wamursi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 2004 ya kuwa Wamursi huwajua watalii kuwa ni watu wa kupiga picha, nao wanashangaa na kuulizana picha hizo zote ni za kufanyia nini. Huyu Turton pia aliyapinga maneno mawili ambayo watalii huambiwa kila mara, ya kwamba kisahani kilibuniwa ili wasichana wachukize machoni pa washika watumwa, na ya kwamba ukubwa wa kisahani ndio hesabu ya ng'ombe wa mahari. Kwa Wamursi, asema, mahari hupatanwa bila ya kupima kisahani. Hebu fikirini, mtu asafiri siku nyingi mpaka mbele ya uso wa mwanamke, ampige picha kumi, arudi kwao na hadithi ambayo mwanamke yule angeliweza kuikanusha kwa maneno machache kama angeliulizwa!

Jambo hili si geni katika dunia, wala halikuanza kwa Wasuri. Mwaka 1930 wenye sarakasi kubwa ya Marekani, iitwayo Ringling, walileta wanawake wenye visahani vya mdomo kutoka Kyabé katika nchi ya Chad, wakawazungusha miji mingi watu wawatazame kwa tiketi. Wakawaita Waubangi, na jina hilo mtangazaji wa sarakasi alilichukua katika ramani, kwa kuwa lilimpendeza masikioni. Wanawake wale hawakutoka Ubangi. Na katika nchi yetu, mwaka 1906, Mdachi mmoja aitwaye Karl Weule alipanda mpaka uwanda wa Wamakonde akiwa na kamera na chombo cha kunasa sauti, akawapiga picha mabibi waliovaa ndonya katika mdomo wa juu, akazichapa katika kitabu. Wasomaji wetu wa Newala na Masasi wajua ndonya ni nini. Wengine wao waliibusu midomo ile walipokuwa watoto, wala hawakuona kioja, waliona bibi. Tena magazeti mengi ya misheni huko Ulaya, zamani za ukoloni, yalichapa picha za baba zetu wakiwa na ngozi na mikuki, na kando yake picha za watoto waliovaa nguo nyeupe, ili wasomaji waone tulivyokuwa na tulivyogeuka, nao watoe sadaka. Sadaka zile zilijenga shule ambazo tumesoma. Hatuwezi kuzikana, lakini yafaa tujue ya kuwa bei yake ilikuwa ni uso wa mtu.

Sasa tulifikiri neno lenyewe. Katika kitabu cha Mwanzo kuna habari za Nuhu aliyelala bila nguo hemani mwake. Mwana mmoja aliona, akatoka kuwasimulia wenzake. Wana wawili walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika bila kumwona. (Twajua kisa hiki kimetumiwa vibaya na watu waliotaka kuwatia laana watu weusi, ingawa laana ile Nuhu hakuitamka juu ya Hamu, aliitamka juu ya Kanaani, lakini ubaya wa waliokitumia hautuzuii sisi kukisoma.) Kosa katika kisa hiki halikuwa la macho peke yake. Mtu aweza kuona kwa bahati mbaya. Kosa lilikuwa kuona, kisha kwenda nje kusimulia. Na Yusufu, ndugu zake walipofika Misri wasimjue, aliwashtaki kwa neno la namna ile ile, ya kuwa ni wapelelezi waliokuja kuchungulia nchi ilipo uchi. Wale ndugu walijibu kwa kutaja baba yao, na hesabu yao, na aliyebaki nyumbani. Yaani walipotaka kuthibitisha ya kuwa hawakuja kupeleleza, walianza kujieleza wao wenyewe.

Mtu atatuambia, Wasuri hawaoni haya kukaa bila nguo nyingi, basi mfano wa Nuhu hauwahusu. Kweli, hawaoni haya, wala hatusemi waone. Lakini uko uchi usio wa nguo. Mtu akutazame kama atazamavyo twiga, akizungukazunguka apate upande ulio mzuri, akisema na mwenziwe juu yako katika lugha usiyoijua, nawe humtazami yeye ila mkono wake wenye fedha. Hapo hata ukivaa kanzu saba u uchi. Sisi wenyewe twayajua hayo. Motokaa za watalii husimama katika maboma ya Wamasai njiani kwenda Ngorongoro, na kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufika alfajiri ili wawatazame wakienda kuwinda.

Wengine watasema, lakini wanalipwa, tena wao wenyewe ndio wadaio malipo. Neno hili ni zito, na wengi humaliza shauri hapo. Sisi twaona shauri laanzia hapo. Ukimlipa mtu akulimie shamba, walipia kazi ya mikono yake. Ukimlipa mfinyanzi, wanunua chungu. Lakini ukimlipa mtu asimame ili umtazame, umenunua nini? Hakufanya kazi, hakuuza kitu; kisahani chake anacho bado, na uso wake anao bado. Twadhani kilichonunuliwa ni ruhusa ya kutosalimu. Fedha ile imekaa mahali pa salamu, pa kuulizana hali, pa kungoja ukaribishwe, pa kula kidogo cha mwenyeji hata kama hukipendi. Mambo yote ambayo kwa desturi humfanya mtu mgeni. Mtalii akiisha kulipa, huona hana deni tena. Na mara nyingi hurudi kwao akinung'unika ya kuwa Wasuri ni wakali, wapenda fedha, hawana ukarimu kama alivyotumaini. Alitumaini ukarimu wa nani? Ukarimu ni wa mwenyeji kwa mgeni, naye alikuja sokoni.

Kwa hiyo hatuwalaumu Wasuri hata kidogo. Waliona watu wakija bila kusema lolote, wakachukua kitu fulani kwa kile chombo chao, wakaondoka nacho. Nao wakafanya kama kila mtu mwenye akili angalifanya, wakakitia bei. Kuhesabu picha moja moja na kugombana juu yake ni njia yao ya kumlazimisha mtazamaji awaone kama watu wenye neno la kusema. Ugomvi ule ndio mazungumzo pekee waliyoachiwa.

Lakini bei ina nguvu ya kugeuza kitu kilichotiwa bei, na hapo ndipo tunapoona hatari iliyo kubwa. Kisahani cha mdomo, kwa Wamursi waliochunguzwa, mwanamke hukivaa amwandaliapo mumewe chakula, akamuapo ng'ombe, na katika ngoma na arusi. Wakati mwingine hukivua. Kina mahali pake na saa yake. Kwa mtalii hakina saa. Chatakiwa kila afikapo, na kikiwa kikubwa ni bora zaidi. Sasa mwangalieni msichana mmoja wa huko ambaye mdomo wake haujatobolewa bado. Serikali ya Ethiopia imetangaza ya kuwa desturi hii, pamoja na sagine, ni mila yenye madhara, na yataka iachwe. Shuleni husikia hayo. Nyumbani husikia heshima ya mama yake na bibi yake. Na njiani aona ya kuwa wenye visahani hupewa birr, na wasio navyo husukumwa kando ili wasiharibu picha. Watu watatu wavuta mdomo mmoja, na katika hao watatu yuko mmoja ambaye hatakuwapo kesho kutwa, wala hatajua msichana yule aliamua nini. Ni yule mwenye kamera.

Sisi Wakristo tuna neno letu juu ya jambo hili, wala hatulifichi: hatusifu kukata mwili wa mtoto. Lakini neno hilo lataka mtu wa kulisema. Alisemaye akiwa amekaa, akajua lugha, akazika wafu pamoja nao, akatishwa na vita vile vile vya mpakani, huyo aweza kusikilizwa, na aweza pia kujibiwa. Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lina watu wake huko, nao wako hapo msimu kwa msimu. Mtu apitaye na kusema "Ninyi acheni desturi yenu" na mtu apitaye na kusema "Ninyi msiache desturi yenu, ni nzuri sana kwa picha" ni ndugu mapacha. Wote wawili wamekwisha kujua Wasuri wawe nini kabla ya kuwauliza.

Je, basi, ni afadhali watu wasiende kabisa? Wako wasemao hivyo, na pengine kwa wengi wetu ni kweli. Lakini kukaa mbali hakumfanyi mtu kuwa jirani. Petro alipokwenda Kaisaria nyumbani kwa Kornelio, aliingia kwa watu ambao taifa lake liliwahesabu kuwa najisi. Aliporudi Yerusalemu alishtakiwa. Tazameni neno aliloshtakiwa: ya kuwa aliingia kwao akala pamoja nao. Kama angalisimama mlangoni akatazama namna askari wa Kirumi anavyokaa, kisha akawasimulia wa Yerusalemu vioja vyake, nadhani hapana angalimshtaki, wangalikusanyika kumsikiliza. Na Bwana wetu alipofika kisimani Sikari, neno lake la kwanza kwa mwanamke Msamaria lilikuwa ni kuomba maji. Mwanamke alistaajabu, maana hakuzoea Myahudi ahitaji kitu chake. Akakaa kwao siku mbili, kama mithali yetu itakavyo.

Twaona hapo ndipo penye mpaka kati ya kuzuru na kutazama. Azuruye ana haja na kitu ambacho mwenyeji aweza kumnyima, maji, au njia, au neno, au ruhusa. Naye hukubali kunyimwa. Wasuri wanazo haja zao kwa wageni, wala si fedha za picha tu. Wanataka dawa za watu na za ng'ombe, wanataka mashauri yao ya malisho yafike kwa wenye amri, wanataka amani na Wanyangatom na Watoposa. Na wanavyo vitu vya kumpa mgeni atakaye kujifunza: namna ya kusema barazani mpaka shauri liive bila mfalme wa kulikata, namna ya kuuguza ng'ombe, namna ya kuweka hasira ya vijana ndani ya sheria za fimbo. Mtu mwenye saa moja hawezi kupokea hata kimoja katika hivi. Afadhali aende kijiji kimoja akae wiki, kuliko kupita vijiji saba kwa siku mbili, na kamera aitoe siku ya mwisho, au aambiwe na wenyeji, "Mbona hutupigi picha?" Hapo picha itakuwa na jina chini yake. Picha nyingi za bonde la Omo zilizochapwa vitabuni zimeandikwa "mwanamke wa Kisuri", basi, kama vile mtu angaliandika "mti".

Wasomaji walio karibu na njia za watalii, hasa wa Karatu, Eyasi na Longido, twawaomba watuandikie namna wanavyowapokea wageni hao: kama huwakaribisha ndani au huwaacha uani, ni nani huamua bei, na watoto husema nini motokaa zikiisha kuondoka. Barua zitakazokuja tutazichapa, nazo zisipite kurasa mbili.